Ninunue taa gani ili nyuso za wateja wangu zionekane?

"Mwalimu, shikamoo. Ninaishi Tanga na nimeanza kupiga picha za sherehe ndogo kama vile ubarikio, mahafali na harusi za majirani. Ninatumia kamera ya mtumba pamoja na lenzi yake ya milimita 18–55. Picha ninazopiga nje mchana zinatoka na giza machoni huku paji la uso likiwaka, na watu wenye ngozi nyeusi sana hawaonekani vizuri, hadi mama mmoja akaniuliza kama nilimpiga usiku. Gauni la bibi harusi nalo linakuwa jeupe tupu, nakshi hazionekani. Chini ya turubai na ndani ya ukumbi nyuso zinageuka kijani au njano, na mara nyingine picha ina mistari ya giza. Wenzangu wengine wananiambia ninunue flashi, wengine taa ya duara, na mmoja anasema kamera yenyewe ndiyo mbovu. Nina akiba ya shilingi laki tatu. Ninunue nini? Na je, ni kweli kwamba jua lazima liwe mgongoni mwa mpiga picha?"

Marahaba. Swali lako ni moja, yaani ununue nini, lakini malalamiko makubwa uliyoyaeleza ni manne na kila moja lina chanzo chake. Giza la machoni linatokana na mahali jua lilipo. Weusi wa nyuso unatokana zaidi na namna kamera inavyopima mwanga. Gauni lililopoteza nakshi limevuka uwezo wa sensa, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachonasa mwanga. Na zile rangi za kijani na njano zinatokana na vitu vilivyomzunguka mteja. Taa mpya haitayatibu yale matatu ya mwanzo kwa namna unavyotarajia, na la nne inaweza hata kulizidisha. Suala la fedha nitaliweka karibu na mwisho kwa makusudi, kwa sababu nikilijibu sasa hivi najua utakwenda dukani kabla hujamaliza kusoma.

Tuanze na jua. Linapomwangukia mtu kutoka juu, hugusa paji la uso, pua na sehemu ya juu ya mashavu, kisha mfupa wa nyusi unalizuia lisifike machoni. Hapo Tanga, ambapo ni kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, na hata mwezi Juni, linapokuwa limeinama zaidi kuelekea kaskazini, adhuhuri bado huwa nyuzi 61 hivi juu ya upeo wa macho. Kimo hicho, ambacho kwetu ndicho cha chini kabisa kwa adhuhuri, ndicho London hukipata katika adhuhuri yake ya juu kabisa ya mwaka mzima. Mafunzo mengi ya upigaji picha unayoyakuta kwenye intaneti yameandikwa na watu wanaoishi chini ya jua linaloshinda limeinama, na wanapoisifu saa ya mwanga wa dhahabu wanazungumzia kipindi kirefu kuliko tunachokipata sisi. Kwetu jua hupanda na kushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa kila saa. Hapo Tanga jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo jioni kulingana na mwezi, na ule mwanga wa pembeni wenye rangi ya joto unaupata katika saa moja tu ya mwisho. Sherehe nazo hazisubiri: picha za familia huitwa saa saba mchana, mara tu watu wanapotoka kanisani. Kwa hiyo ushauri wa "piga asubuhi na jioni tu" ni sahihi, ila haumsaidii mtu anayeishi kwa kazi hii.

Jambo la pili la kuelewa ni kwamba ukali wa kivuli hauamuliwi na nguvu ya mwanga. Unaamuliwa na ukubwa wa chanzo cha mwanga kama kinavyoonekana kutoka pale uso ulipo. Jua ni kubwa mno, lakini liko umbali wa kilomita milioni 150, na angani linachukua nusu nyuzi tu. Kwa uso wa mteja wako ni nukta, na nukta hutoa kivuli chenye ukingo mkali. Wingu likilifunika, chanzo hakiwi tena jua bali ni wingu zima, miale inafika usoni kutoka pande nyingi kwa wakati mmoja, na pale ambapo mwale mmoja haukufika hujazwa na mwingine. Ukuta mweupe unaopigwa na jua ni chanzo kikubwa. Dirisha ni chanzo kikubwa ukiwa mita moja kutoka kwake, na ni chanzo kidogo ukiwa mwisho wa chumba. Taa ya duara ni kubwa kwa mtu anayejirekodi akipaka wanja mbele yake, na ni nukta kwa kundi la watu kumi waliosimama mita nne kutoka hapo. Ukilishika hili, nusu ya vifaa vinavyouzwa kwa wapiga picha utaacha kuvitamani, kwa sababu utakuwa umeona kwamba vingi vimetengenezwa ili kukigeuza chanzo kidogo kiwe kikubwa, kazi ambayo baraza la nyumba linaifanya bure.

Fanya jaribio hili kabla ya kitu kingine chochote. Mchukue ndugu au rafiki saa saba mchana, msimamishe uwanjani juani, umtazame macho bila kuinua kamera. Amekunja uso, na mboni zake hazionekani vizuri. Sasa mwambie arudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka aingie kwenye kivuli cha baraza huku uso ukiendelea kutazama nje. Anapovuka tu mstari wa kivuli, uso unatulia, na ndani ya kila jicho inatokea alama nyeupe pana. Hiyo ni taswira ya anga na uwanja ulio mbele yake, na ndiyo inayolifanya jicho lionekane hai kwenye picha. Mwache arudi hatua nyingine mbili: alama inapungua, na mashavu yanaanza kupata kivuli upande ulio mbali na nje, kwa hiyo uso unapata umbo. Akizidi kurudi, alama inatoweka na macho yanazimika. Mahali pa kumsimamisha ni pale ambapo alama ile bado iko wazi, mara nyingi hatua moja au mbili tu kutoka kwenye ukingo. Baada ya hapo mgeuze polepole, bega moja lielekee nje, na utazame jinsi kivuli cha pua kinavyohama kutoka chini kwenda shavuni. Rudia zoezi hili na watu tofauti mpaka uwe unaiona alama ya machoni bila kuitafuta. Sijui zoezi jingine linalomfaidisha anayeanza kuliko hili, na halihitaji hata betri.

Vivuli navyo havilingani. Kivuli cha mwembe wenye majani mazito kinafaa. Cha mnazi hakifai, maana makuti yamechanika na jua hupenya vipande vipande, ukaishia na mabaka meupe usoni. Tazama pia kilicho chini na mbele ya mteja. Sakafu ya saruji au mchanga mweupe ulio juani hurudisha mwanga juu na kujaza sehemu ya chini ya macho na kidevu, ilhali nyasi hurudisha ukijani, na ukuta uliopakwa rangi ya waridi utaipaka rangi hiyo shingo ya bibi harusi bila yeyote kutambua mpaka picha zifunguliwe kwenye kompyuta.

Kuhusu jua kuwa mgongoni mwa mpiga picha, kanuni hiyo ilikuwa na maana enzi zake. Filamu za zamani zilihitaji mwanga mwingi, na kamera sahili za kisanduku hazikuwa na namna ya maana ya kuurekebisha, kwa hiyo kumwelekeza mtu juani kulihakikisha kwamba angalau picha inatoka. Kamera yako haina tatizo hilo. Adhuhuri kanuni yenyewe haina hata pa kushika, kwa kuwa jua haliko mgongoni mwa yeyote. Likishaanza kuinama, tuseme kuanzia saa tisa na nusu, na huna kivuli karibu, mimi ningefanya kinyume: mteja alipe jua mgongo. Uso wake utakuwa kwenye kivuli chake mwenyewe ukiangaziwa na anga yote iliyo mbele, na jua litachora mstari mwembamba wa mwanga kwenye nywele au ushungi na mabegani. Msaidizi asimame karibu na wewe akiwa ameshika shuka jeupe lililokunjwa mara mbili, au kile kipande cha stairofomu kinachokuja na friji mpya, na kuurudishia uso mwanga kutoka mbele, kwa kimo cha kifua au juu kidogo, si kutoka magotini, kwa sababu mwanga wa kutokea chini humfanya mtu aonekane wa kutisha. Kinga lenzi kwa kiganja ili jua lisiingie moja kwa moja na kuififisha picha. Na usilitazame jua kupitia kitundu cha kuchungulia cha kamera, hata kwa mzaha, kwani lenzi hukusanya miale na inaweza kukuharibia jicho moja kwa moja.

Utaniuliza kama flashi haiwezi kuvijaza vivuli hivyo vya mchana. Inaweza, lakini hesabu yake uijue. Katika jua kali, kwa ISO 100 (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga), picha sahihi hupatikana kwenye tundu la lenzi la f/16 (namba ikishuka, tundu linapanuka) na shata, yaani pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia, ya 1/100 ya sekunde. Ukilifungua tundu hadi f/5.6 umeongeza stopu tatu (kila stopu huzidisha mwanga mara mbili), yaani mwanga mara nane, na shata lazima iende 1/800. Kamera nyingi za daraja la yako haziwezi kulingana na flashi ya kawaida kupita 1/200 hivi. Ukizidisha, sehemu ya picha inakuwa na giza. Inakubidi urudi f/11, na kwenye f/11 flashi ndogo hutumia karibu nguvu zake zote kwa mtu aliye mita chache tu mbele yake, kisha usubiri ijichaji. Zipo flashi zinazoweza kuifuata shata ya kasi, ila nazo hupoteza nguvu nyingi kwa kufanya hivyo. Kwa maharusi wawili utafanikiwa. Kwa ukoo wa watu thelathini utakuwa unawasha kiberiti juani.

Sasa tuje kwa yule mama. Kipima mwanga cha kamera hakitambui kilicho mbele yake. Kimeundwa kwa dhana kwamba vitu vyote vilivyo kwenye fremu vikichanganywa hutoa kijivu cha kati, kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Mtu akisimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa au anga nyeupe, kamera huona weupe mwingi, huudhania kuwa ni mwanga uliozidi, na kuupunguza mpaka ukuta uwe kijivu, na uso unapunguzwa pamoja nao. Huyohuyo akisimama mbele ya mlango wa mbao nyeusi, kamera hufanya kinyume na kumng'arisha kupita kiasi. Kamera si mbovu. Inafanya kile ilichoundwa kufanya, na wewe ndiye unayepaswa kuisahihisha kwa kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Mandhari yakiwa meupe, ongeza stopu moja, tazama, kisha ongeza tena kama inahitajika. Unaweza pia kuiagiza kamera ipime nukta ndogo tu na ukaielekeza usoni, lakini hapo kuna mtego ambao wanaofundisha mara nyingi huusahau: kamera itataka kuufanya uso nao uwe kijivu cha kati, na ngozi nyeusi sana si kijivu cha kati. Ukiikubalia, itaipausha. Pima usoni, kisha punguza kati ya nusu stopu na stopu moja, na ngozi itarudi kwenye rangi yake.

Kwa nini basi gauni liungue na uso uwe giza katika picha ileile? Kwa sababu juani vitu hivyo viwili havikuangaziwa na mwanga mmoja. Gauni lilipokea jua lenyewe, ilhali macho na sehemu za chini za uso zilipokea kivuli, na juu ya hapo kitambaa cheupe kwa asili yake hurudisha mwanga mwingi zaidi kuliko ngozi. Jicho la binadamu huhimili tofauti hiyo kwa kujirekebisha kila linapohama. Sensa hupiga mara moja tu. Ukiwapeleka wote wawili kivulini, ile tofauti ya kwanza inafutika na inabaki ya pili, ambayo kamera yako inaimudu. Ukiwa hapo pima kwa ajili ya gauni, yaani washa lile onyo la kwenye skrini ya kamera linalomeremeta mahali palipoungua na upunguze mwanga mpaka limeremete kidogo sana au lisimeremete kabisa, kwa kuwa nakshi ikishapotea kwenye weupe haipatikani tena kwa programu yoyote, wakati uso uliofifia kidogo unaweza kuinuliwa baadaye, hasa ukipiga kwa faili za RAW, yaani faili ghafi ambazo kamera haijazichakata. Mgeuze bibi harusi ili uso uelekee upande wenye mwanga zaidi na sehemu kubwa ya gauni iwe upande mwingine. Mageuzi hayo madogo ya mwili hufanya kazi ambayo huwezi kuifanya kwa vitufe.

Kuhusu ngozi nyeusi ningependa niseme kwa kirefu kidogo, kwa sababu wazo kwamba ni ngumu kupigwa picha limeenea hata miongoni mwetu wenyewe. Ngozi hurudisha mwanga kwa njia mbili. Sehemu moja ya mwanga huingia ndani kidogo na kutoka ikiwa na rangi ya ngozi. Nyingine hudunda juu juu na kutoka kama mng'ao. Katika ngozi nyeusi ile ya kwanza ni ndogo, lakini ya pili haijapungua, na ndiyo inayochora umbo la shavu, taya na paji la uso. Kinachotakiwa, basi, si kumwagia uso mwanga mwingi kutoka mbele, bali ni kuupatia chanzo kikubwa cha pembeni, dirisha, ukingo wa baraza, ukuta mweupe, ili mng'ao uwe mpana na mtulivu. Flashi ndogo iliyo juu ya kamera huufanya mng'ao huohuo uwe vitone vyeupe vya jasho juu ya uso bapa. Beba leso safi au tishu umpanguse mteja kabla ya kupiga, na umtafutie mandhari ya rangi ya wastani, kwani mtu mweusi mbele ya pazia jeusi hupoteza ukingo wa nywele zake hata ukiwa na taa za bei gani.

Ugumu unaosemwa una historia pia. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara za picha kadi ya kusawazishia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley, na weupe wa ngozi yake ukawa ndio kipimo cha picha iliyosafishwa vizuri. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miongo kadhaa baadaye. Wakati huohuo Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, alikuwa akiwapiga wateja wake uani kwa mwanga wa mchana, mbele ya vitambaa vya maua, na ngozi katika picha zake ina kina ambacho wengi wenye taa kubwa hatukifikii. Zitafute uzitazame, hasa mahali anapoweka uso ukilinganisha na upande mwanga unakotokea. Na tafadhali usimpaushe mteja kwenye programu ya kuhariri akiwa hajakuomba. Najua soko linavyosukuma, lakini uso uliopaushwa juu ya shingo nyeusi unaonekana na kila anayejua kutazama.

Chini ya turubai tatizo ni rangi. Turubai la buluu au la kijani likipigwa na jua huwa taa moja kubwa ya rangi hiyo, na kila aliye chini yake hupakwa. Jeupe ni zuri sana, huchuja jua na kulilainisha. Ukikuta la rangi, wasogeze maharusi ukingoni, ambapo mwanga wa nje unaingia kutoka upande na kuushinda ule wa juu. Ndani ya ukumbi, balbu za njano huwa karibu kelvini 2,700 hadi 3,000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga: ndogo ni njano, kubwa ni buluu), mchana wa nje karibu 5,500, na kivuli kinachoangaziwa na anga ya buluu hupanda hadi 7,000 na zaidi. Kamera inaweza kusahihisha rangi moja kwa picha nzima, haiwezi kusahihisha mbili kwa mpigo, hivyo shavu moja likiangaziwa na dirisha na jingine na balbu, utaokoa moja na kupoteza jingine. Omba balbu zizimwe ikiwa dirisha linatosha, au funga pazia uzitegemee balbu peke yake. Mwenye ukumbi hukubali ukimwomba mapema kwa adabu. Katikati ya ibada hakubali.

Ile mistari ya giza nayo si ugonjwa wa kamera. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za tyubu na za LED zisizo na ubora huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Shata ya kasi hukamata sehemu ya mpigo huo. Rudi 1/100 au 1/50 na mistari itaisha au itapungua sana, kisha upandishe ISO hadi 1600 au 3200 bila hofu, kwani chengachenga kidogo kwenye picha huvumilika na uso uliotikisika hauvumiliki.

Sasa fedha zako. Kamera usibadilishe. Taa ya duara usinunue kwa kazi ya sherehe. Anza na kiakisi mwanga cha kukunja, chenye upande mweupe na wa fedha, au baki na stairofomu yako, na ufanye kazi hivyo kwa miezi kadhaa. Baada ya hapo una njia mbili za kweli. Moja ni lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo hupitisha mwanga karibu mara kumi ya ile f/5.6 uliyonayo ukiivuta hadi mwisho. Inafaa kanisani na mahali ambapo flashi inakera, lakini haivuti wala haisukumi, kwa kamera kama yako huona eneo finyu mno kwa picha ya ukoo chumbani, na ukiifungua kabisa jicho moja linaweza kuwa safi na lingine likawa na ukungu. Nyingine ni flashi yenye kichwa kinachogeuka. Hiyo unaielekeza kwenye dari jeupe lisilo juu sana, au kwenye ukuta mweupe wa pembeni, na dari lote linakuwa chanzo chako kikubwa. Ukiielekeza moja kwa moja, nguvu yake hupungua kwa mraba wa umbali: aliye mita nne hupata robo ya anachopata aliye mita mbili, ndiyo maana picha nyingi za sherehe za usiku zina mstari wa mbele uliopauka na wa nyuma uliozama gizani. Chini ya paa la mabati lililo juu sana, au dari la rangi, ujanja huu haufanyi kazi.

Kwa kuwa umeanza kuitwa kwenye harusi, na sherehe za harusi huishia usiku, mimi ningechagua flashi, pamoja na seti mbili za betri za kuchaji, na lenzi ingefuata. Kama kazi yako ingekuwa ya ubarikio na picha za mtu mmojammoja, jibu lingekuwa lenzi. Usiitumie akiba yote kwa ununuzi mmoja.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatoshi. Tafuta mpiga picha mwenye uzoefu hapo mjini umwombe umshikie kiakisi kwenye harusi mbili tatu, hata bila malipo. Utakapoona mahali anapowasimamisha watu na ukageuka kutazama mwanga unatoka wapi, utaelewa mengi niliyoyaandika hapa. Mpaka hapo, usikubali kuwa mpiga picha pekee wa harusi isiyo na wa pili, na kama umeshakubali, waambie wahusika wazi kiwango chako. Flashi ikiharibika usiifungue mwenyewe hata ukiwa umetoa betri, kwa sababu ndani yake kuna kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme, inayoweza kukupiga shoti kali.

Na kwa vile kamera yako ni ya mtumba na uko pwani, ikague lenzi yenyewe kabla hujajilaumu. Unyevu wa hewa huko huotesha fangasi ndani ya lenzi, na lenzi yenye fangasi hutawanya mwanga, ikaifanya picha ionekane imefifia hata pale ulipofanya kila kitu sawasawa. Itoe kwenye kamera, ifungue tundu, mulika tochi kutoka upande mmoja na uchungulie kwa upande wa pili kwa mshazari. Ukiona nyuzinyuzi zilizosambaa kama utando, mpelekee fundi wa kamera aliye karibu kabla hazijaenea, na lenzi iliyo safi ihifadhi kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Fundi akikuambia kwamba fangasi imeshakula kioo, usilipie kusafishwa. Fedha hiyo iongeze kwenye ile lenzi ya milimita 50, hata kama flashi itabidi isubiri.